Visanduku Viwili kwa Mpigo

Jumamosi tulikuwa Brampton, hapa Kanada, kwa jamaa aliyehamia nyumba mpya. Mbuzi yuko motoni, nusu ya wageni bado "wako njiani", na sisi wanawake tunakatakata kachumbari. Akapita kaka mmoja, dereva wa trela, mtu wa bara, sina ugomvi naye hata kidogo, akanipongeza kwa kazi yangu mpya ya ofisini. Pongezi ikaja na mkia. "Wewe dada ulikuwa na bahati. Mwanamke, halafu mweusi. Unajaza visanduku viwili kwa mpigo! Kwetu Kenya tulizoea kupata kazi kwa jasho."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu nyama ilikuwa haijaiva na sherehe haikuwa yangu. Leo nina siku ya mapumziko, chai iko mezani, na sina tena sababu ya kucheka.

Kazi yenyewe ni kupanga safari za malori, zamu ya usiku, kwenye kampuni moja ya usafirishaji Mississauga. Sitaitaja, bado inanilipa. Kabla ya hapo nilikuwa ghalani nikiskani mizigo, glavu mikononi, jaketi mbili mwilini, maana milango ya ghala haifungwi lori likiwa linapakia na baridi ya Februari haina adabu. Kila nafasi ya ofisini ilipotangazwa niliomba. Majibu yake mnayajua: tunashukuru kwa kuonyesha nia.

Sasa kwa msioijua habari ya visanduku. Kanada ina sheria ya usawa katika ajira tangu 1986. Ilitokana na ripoti ya jaji Rosalie Abella ya 1984, kisha ikaandikwa upya 1995. Inawahusu waajiri walio chini ya serikali kuu wenye wafanyakazi 100 na zaidi: mabenki, mashirika ya ndege, reli, simu, na malori yanayovuka kutoka jimbo moja hadi jingine, ambapo ndipo tunapoingia sisi. Makundi yanayoangaliwa ni manne: wanawake, wenyeji wa asili, watu wenye ulemavu, na wote wengine wasio wazungu, ambao wametiwa kapu moja. Ukianza kazi unapewa fomu ujitaje mwenyewe kwa kujaza kisanduku cha kundi lako, kwa hiari. Kampuni inajumlisha na kupeleka ripoti serikalini ifikapo Juni 1 kila mwaka. Kundi likiwa dogo kuliko lilivyo kwenye soko la ajira, kampuni inajiwekea malengo. Nasema malengo. Sheria hiyohiyo inakataza mwajiri kulazimishwa idadi maalumu, wala haimlazimishi kumchukua mtu asiyeiweza kazi. Anayekwambia Kanada "kuna nafasi za weusi" zimewekwa kando zinamngoja, huyo hajaisoma, au anataka kukuuzia kitu.

Kaka yangu wa Brampton, twende taratibu. Njoo uwanjani kwetu alfajiri wakati zamu zinapobadilishana. Utasikia Kipunjabi kuliko Kiingereza. Madereva wengi ni Wapunjabi, wakarimu, wana chai ya maziwa na tangawizi ambayo haina tofauti na ya Mombasa. Kwenye lile kapu moja, Mpunjabi, Mchina, Mfilipino, Mwarabu na mimi wa Likoni sote ni kitu kimoja. Kwa hesabu hiyo kampuni ilikuwa imeshafikisha lengo lake la rangi kabla mimi sijatua uwanja wa ndege wa Pearson na sanduku langu lenye zipu mbovu. Haikunihitaji! Ripoti inapendeza, huku ghorofani, kwenye vyumba vyenye madirisha, unaweza kutafuta mweusi mchana kutwa usimwone. Ndiyo sababu jopo la kuipitia sheria hiyo, lililoongozwa na Profesa Adelle Blackett, katika ripoti iliyotolewa Desemba 2023, lilipendekeza wafanyakazi weusi wawe kundi linalojitegemea. Serikali ikasema inaunga mkono.

Upande wa wanawake sitabisha sana. Malori ni dunia ya wanaume huku kama huko, na huenda kisanduku hicho kilifanya karatasi zangu zisomwe badala ya kutupwa. Basi zilisomwa. Kilichofuata hakikuwa kisanduku. Kulikuwa na usiku mmoja wa Januari, theluji imefunga barabara ya 401, dereva wangu yuko Kingston na shehena ya dawa ya Montreal, na saa zake zinakwisha. Sheria inamruhusu kuendesha saa 13 tu kwa siku, na kifaa kilichofungwa kwenye lori kinarekodi kila dakika, huwezi kukidanganya. Nikapekua skrini nikamwona mwingine anayerudi kutoka Montreal akiwa na saa za kutosha na trela tupu. Nikawakutanisha Kingston, wakabadilishana matrela, mmoja akalala, mwingine akageuza. Dawa zikafika. Asubuhi bosi akaweka kahawa mezani kwangu bila kusema neno. Hapo kisanduku kilikuwa wapi?

Lakini ile sentensi ya mwisho ya kaka wa Brampton ndiyo iliyonikaa kooni zaidi. "Kwetu Kenya tulizoea kupata kazi kwa jasho." Kwetu kwa nani?

Nilitafuta kazi Mombasa na bahasha ya kaki kwapani mpaka bahasha ikachakaa. Kwenye kampuni moja kando ya bandari tulipangwa foleni kwenye jua, vyeti, kitambulisho, barua ya chifu. Nilipofika dirishani, yule bwana hakufungua cheti hata kimoja. Alikishika kitambulisho, akasoma jina la mwisho, akakirudisha: "Tutakupigia." Kijana aliyekuwa nyuma yangu akasalimiwa kwa lugha ya mama yake. Waliongea, wakacheka, akaingizwa ndani. Mimi Mdigo wa Likoni, bandari naiona kutoka kwenye feri tangu nanyonya, nikarudi nyumbani kwa miguu kuokoa nauli. Nani alijaza kisanduku siku ile? Hakukuwa na fomu, hakukuwa na ripoti ya Juni, na yule kijana mpaka leo ataapa alipata kwa jasho. Pengine hata ni mchapakazi. Mimi sikupewa nafasi ya kujua kama namzidi.

Na Kenya tunayo sheria, tena kali kuliko ya huku. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa na Kofi Annan kuja kukaa na wakubwa mpaka wakashikana mikono, ikapitishwa sheria ya uwiano na utangamano ya 2008: hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Inavutia kuisoma. Sasa chukua sensa ya 2019. Tulikuwa milioni 47.6, na jamii kubwa kuliko zote, Wakikuyu, ni milioni 8.1, yaani kama asilimia 17. Thuluthi ni karibu mara mbili ya hapo. Taasisi inaweza kujaza watu wa nyumba moja mara dufu ya fungu lao na bado iko ndani ya sheria. Na kuna wakubwa ambao hata thuluthi hiyo wameona ni kubanwa. Serikali za kaunti nazo zinatakiwa walau asilimia 30 ya nafasi za chini ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya pale. Nafasi za chini, jamani. Za juu mtajua wenyewe.

Hili ndilo jambo ambalo Wakenya wa ughaibuni hatupendi liguswe mbele ya wageni. Msimamizi wangu wa kwanza, mzungu mwenye roho safi, aliposikia Kenya aliuliza kama nakimbia. Nikamwambia mbio zangu zote ni za kuwahi feri. Swali la pili likawa: "Bado makabila yenu yanapigana?" Aliona kwenye televisheni mwaka 2008, kanisa la Kiambaa, lililochomwa kwenye machafuko yale, linaungua, na kwake Kenya ina picha mbili tu, Kipchoge na moto. Nilimjibu kizalendo kama sote tunavyofanya: la hasha, sisi ni wamoja, ni wanasiasa tu. Halafu jioni unafungua simu, unaona makundi yetu ya misiba hapahapa Ontario, kila kabila na lake, na michango haivuki ukuta.

Hata sifa nzuri ina kodi yake. Wakenya ni wachapakazi, Kiingereza chao kizuri, nimeambiwa hivyo mara nyingi kwa nia njema. Kisha Mkenya mmoja akichelewa zamu, wamechelewa Wakenya. Mzungu akichelewa, amechelewa yeye na gari lake.

Pale kazini tuna mzee mmoja Mrundi. Kiswahili chake kina mwendo wa Bujumbura, na mapumziko yetu tunakula pamoja, yeye maharage, mimi chochote nilichobakiza jana. Fomu mpya ilipokuja kwenye simu, nilimwona akiteremsha kidole hadi chini kabisa na kubonyeza pale pa kukataa kujibu. Nikamuuliza, mzee, mbona? "Mwanangu, mimi nimehesabiwa vya kutosha."

Kwao Burundi ni hesabu tupu. Mkataba wa amani wa Arusha wa 2000, kisha katiba ya 2005: serikalini na bungeni Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, Watwa viti 3 bungeni, na jeshini hakuna kundi linalozidi nusu. Mwaka 2018 mashirika ya kigeni yakasimamishwa na kuambiwa nayo yaajiri 60 kwa 40 na kusema kila mfanyakazi ni nani. Handicap International, shirika la kusaidia watu wenye ulemavu, wakaona bora wafunge virago kuliko kuandika orodha hiyo. Nilidhani mzee ataulaani mfumo wote. Hakuulaani. Alisema kuchanganya jeshi kulisaidia, maana bunduki zote hazikuwa tena nyumba moja. Kinachomtisha yeye ni orodha. "Anayeishika leo anaweza kuwa mtu mwema. Kesho inashikwa na mwingine."

Sikuwa na la kumjibu, na kwa yaliyompata sitathubutu kumwambia ajaze. Lakini mimi najaza, viwili vyote, kwa kalamu nzito. Sababu yangu ni yule bwana wa dirishani. Watu wanahesabiwa tu, uwe na fomu usiwe nayo, na hesabu iliyonidhuru mimi ni ile iliyofanywa kimoyomoyo kwa kusoma jina la mwisho. Ya huku iko kwenye karatasi, ina tarehe, ina mwenye kuulizwa.

Na msinielewe vibaya, Kanada yenyewe inawafanyia watu vituko. Nchi ina jina zuri duniani, ya watu wapole wanaoomba radhi hata ukiwakanyaga wewe. Ndani mambo yamebadilika. Mwaka 2024 walibana wanafunzi wa kigeni, kisha wakapunguza wahamiaji, lengo la 2025 likashuka kutoka 500,000 hadi 395,000, na siku hizi kwenye foleni ya dukani unasikia kwamba kodi za nyumba zimepanda kwa ajili yetu. Mimi ninayelipa basementi dola 1,500, dirisha moja linalotazama matairi ya mwenye nyumba! Kwa hela hiyo Likoni unakaa mwaka na chenji ya mandazi inabaki. Nimempandishia nani kodi?

Wanaopanga kuja, nisikilizeni kidogo. Shahada yenu ileteni ikiwa imeshathibitishwa, msingoje kufika. Lile sharti la "uzoefu wa Kanada" Ontario wamelipiga marufuku kwenye matangazo ya kazi tangu Januari 2026, ila waajiri wa serikali kuu kama wetu hawafuati sheria za ajira za jimbo, na kuliondoa kwenye tangazo si kuliondoa kichwani mwa anayekuhoji. Majina yenu msiyakate. Nawajua watu waliojiita Mike wakiwa bado uwanja wa ndege na simu bado hazikupigwa. Fomu ya kujitaja ukiletewa, isome, uamue mwenyewe, hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha. Na mtu akikudai laki tatu eti ana nafasi za kabila lako Kanada, mpigie polisi kabla hujampigia mama yako kumwomba auze shamba.

Wale mnaonijia kwenye simu kuuliza kama kampuni yetu inaajiri: inachukua madereva wenye leseni ya AZ, ile ya kuendesha trela, na rekodi safi, ofisini hakuna nafasi kwa sasa. Ombeni kwenye tovuti ya kampuni kama nilivyoomba mimi. Vyeti msinitumie WhatsApp, simu imejaa.