Jicho la wavu

Mwaka 2016 mdogo wangu alianguka na bodaboda, kipande cha mfupa wa muundi kikasagika. Madaktari walimchota mfupa nyongani wakaujaza kwenye pengo. Mguu ulishika. Kilichomliza usiku ni nyonga.

Jioni moja nilimkuta baba kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, akiziba wavu wa sangara. Aliniuliza bila kuinua macho: "Wewe unayesoma kemia, hakuna njia ya kuziba shimo bila kuchimba jingine?"

Nilikaa kwenye mtumbwi uliofunikwa nikamweleza kwa moyo wote. Kwamba maabara wanayeyusha plastiki inayooza mwilini, polikaprolaktoni kwa mfano, wanaitia kwenye bomba la sindano, kisha wanapitisha umeme wa maelfu ya volti. Tone linavutwa na umeme, linakuwa uzi mwembamba kuliko unywele mara mia na zaidi. Nyuzi zinarundikana mpaka zinakuwa kitambaa cheupe. Mfupa wenyewe umejengwa kwa nyuzi nyembamba za protini iitwayo kolajeni zilizoshikamana na madini ya kalsiamu, kwa hiyo seli zikiwekwa kwenye kitambaa hicho zinajiona ziko nyumbani. Zinashika, zinajenga, na plastiki inayeyuka taratibu.

Baba alisimamisha sindano yake.

"Nyuzi nyembamba hivyo, zimelaliana. Jicho lake likoje?"

Nilisema ni dogo sana.

"Basi hizo seli zitapitaje? Zitabaki juu, kama dagaa juu ya turubai."

Nilinyamaza. Baba aliishia darasa la nne, na alikuwa amegusa hasa pale panapowasumbua watafiti: seli hutambaa juu ya kitambaa, ndani haziingii, na mfupa hauwezi kuwa ngozi tu. Mimi nilikuwa nimesoma hilo kwenye makala, nikaliruka kwa sababu lilikuwa linaharibu habari nzuri.

Nikamwambia kuna wanaochanganya punje za chumvi katikati ya nyuzi, halafu wanaziosha kwa maji, zikiyeyuka zinaacha matundu.

"Chumvi," akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ajali. "Hapo sawa. Na mdogo wako, wangemfanyia?"

Nilimwambia ukweli: bado, mengi yako kwa panya na sungura.

Akavuta wavu magotini, akapima jicho kwa vidole viwili, akaendelea kufunga.