Jenereta ya mawimbi aliyoiunda baba: kazi ilipofikia

Kati ya vyombo vya kupimia redio alivyoniachia marehemu baba, nimeanza na jenereta ya mawimbi, yaani kifaa kinachotoa mawimbi ya redio ya masafa (frikwensi) yanayojulikana, kwa sababu bila hiyo kurekebisha redio ya AM hubaki kazi ya kubahatisha. Aliiunda ndani ya kopo la biskuti la bati, ambalo huzuia mawimbi yasivuje ovyo, na kipimo chake ni kadi aliyoichora kwa mkono kuanzia 400 hadi 1,000 kHz. Alama ya 455 ameitia wino mwekundu, kwa kuwa hayo ndiyo masafa ya ndani ya redio nyingi za AM, yaani yale ambayo redio hugeuzia mawimbi ya kila stesheni kabla ya kuyakuza.

Kapasita mbili za elektroliti, vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme, zilikuwa zimekauka. Nilipata nyingine Luthuli Avenue, Nairobi, na kifaa kikaamka kwa betri ya volti 9. Nilipokiunganisha na mashine ya kuhesabu masafa, mshale ukiwa juu ya 455, masafa halisi yalikuwa 447. Redio iliyorekebishwa kwa kipimo hicho ingeonyesha stesheni mahali pasipo pake.

Kuchora kadi mpya kungekuwa rahisi zaidi. Hata hivyo, nimeamua saketi ndiyo ifuate kadi, kwa maana nafasi baina ya alama zinatokana na umbo la kapasita ya kugeuza, ile inayozungushwa ili kubadilisha masafa, na hiyo ingali nzima kabisa.

Baba alikwisha kuliwazia jambo hili. Kwenye kifuniko alitoboa matundu mawili, moja juu ya kiini cha koili (kipande kinachozungushwa ndani ya waya uliosokotwa) na jingine juu ya kapasita ndogo ya kurekebishia, ili bisibisi ya plastiki ipite kopo likiwa limefungwa. Ninamvulia kofia kwa hilo, kwani bati likiwa karibu na koili hubadilisha masafa, na marekebisho yaliyofanywa kopo likiwa wazi huharibika mara tu linapofunikwa. Upande wa chini wa kipimo niliurekebisha kwa kiini, upande wa juu kwa kapasita, nikirudia zamu kwa zamu kwa kuwa kila kimoja huathiri kingine, hadi alama nyekundu ikatoa 455 barabara na ile ya 1,000 ikakaribia sana.

Kinachofuata ni kifaa chake cha kufuatilia mawimbi ndani ya redio ili kujua yanapokatikia, alichokiweka ndani ya ganda la kalamu. Diodi yake ya jemaniamu, OA91, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, bado ni nzima kwa kipimo cha multimita, lakini waya wake wa ardhi umekatika na unahitaji kuchomelewa upya.