Kabati Lenye Kufuli: Siku Moja kwenye Famasi Yangu, Ngamiani

Saa 1:15 asubuhi

Kabla ya kuwasha feni, kabla ya kufungua dirisha la wateja, nahesabu. Kabati dogo la ukutani lina kufuli mbili, na ndani yake mna dawa ambazo hazitoki bila cheti cha daktari: tramadoli ya maumivu makali, fenobabitali ya kifafa, na diazepamu ya kutuliza wasiwasi, ambayo wengi hapa Tanga bado wanaiita Valium, jina ililopewa na kampuni ya Roche mwaka 1963. Dawa hii imo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazogusa akili, ndiyo maana ina daftari lake peke yake. Jana usiku niliandika vidonge 184 vya miligramu 5. Leo ni 184. Hesabu ikipungua hata kwa kidonge kimoja, sihudumii mtu mpaka nijue kimekwenda wapi.

Saa 2:40

Mteja wa kwanza wa daftari hilo ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio darasani, pumzi zinakata, mikono inakufa ganzi. Alipimwa moyo, damu, kila kitu, akaonekana mzima. Daktari ameandika sertralini asubuhi, na diazepamu miligramu 5 usiku kwa siku 14.

"Kwa nini mbili, dada?" ananiuliza, na nafurahi kuulizwa. Sertralini ndiyo dawa yenyewe ya wasiwasi huu, ila huchukua wiki kadhaa kuanza kumsaidia mtu. Diazepamu hutuliza ndani ya saa moja. Basi hii ya usiku ni mkongojo wa kuegemea wakati mguu unapona. Mwenye mguu uliopona hatembei na mkongojo. Ndiyo sababu madaktari huiandika kwa wiki mbili, nne zikizidi sana, kwa kuwa mwili huizoea upesi, na ukishaizoea huidai.

Kisha ni zamu yangu ya kuuliza. Una ujauzito? Hapana. Unakunywa pombe? Hapana. Unakoroma hadi pumzi zinakatika usingizini? Hapana. Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia, hata ya kununua tu dukani?

"Hiyo ya mgongo tu."

Namwomba anionyeshe. Anafungua mkoba, anatoa tramadoli iliyokunjwa kwenye karatasi.

Hapo nikaweka kalamu chini. Diazepamu na dawa kali za maumivu za jamii ya tramadoli na kodeini zinagandamiza sehemu ileile ya ubongo inayoendesha pumzi. Moja peke yake huenda mtu akaivumilia. Zikikutana, tena usiku, mtu anaweza kulala asiamke. Pombe hufanya vivyo hivyo. Nikampigia daktari aliyeandika cheti. Hakuwa ameambiwa habari za mgongo. Tukakubaliana tramadoli iachwe, kwa kuwa amemeza vidonge vitatu tu, na mgongo utulizwe na parasetamoli mpaka atakapomwona Ijumaa. Vidonge 14 vikatoka, nikaandika kwenye daftari, naye akatia saini.

Saa 5 kasoro

Kijana wa bodaboda. Haegeshi hata vizuri. "Dada, nipe Valium kumi." Cheti hana.

Zamani ningemjibu neno moja, nikageukia mteja mwingine. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nimeajiriwa kwenye famasi nyingine, alikuja mama mmoja akaomba hivyohivyo, nikamkatalia nikijiona mtumishi mwema wa sheria. Siku nne baadaye mwanawe alikuja kununua dripu, akanieleza kwamba mama ameanguka degedege jikoni. Alikuwa akimeza vidonge viwili kila usiku kwa zaidi ya mwaka, vikamwishia, na kila famasi ikamfungia mlango. Dawa hii ukiikata ghafla baada ya mwili kuizoea, ubongo uliokuwa umetulizwa kwa nguvu huruka kama springi: mtetemeko, jasho, kukosa usingizi kabisa, na kwa wengine degedege. Sheria niliifuata. Swali sikuuliza. Swali lenyewe lilikuwa dogo tu: mama, umeitumia kwa muda gani?

Kwa hiyo kijana nampa kiti. Umeitumia kwa muda gani? Mara mbili tu, alipewa na mwenzake wa kijiweni. Hajalala vizuri tangu ajali aliyoiona barabara ya Pangani. Mara mbili mwili haujazoea, kwa hiyo hatari ya kukatisha hana. Vidonge simpi. Namweleza kwamba kidonge cha usiku hakiishi asubuhi, kwamba atapanda pikipiki na abiria mgongoni akidhani yuko macho kumbe akili yake inachelewa, na kwamba usingizi unaokimbia baada ya kuona ajali una tiba. Namwandikia jina la kliniki ya akili na siku zake. Ameikunja karatasi ile vizuri akaitia kwenye mfuko wa shati.

Saa 7 mchana

Mihogo ya nazi, chai ya tangawizi. Dakika ishirini.

Saa 8:30

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Bibi ana miaka 74, ameletwa na mjukuu wake. Cheti kinasema diazepamu miligramu 5 kutwa mara mbili, na bibi anatumia pia omeprazo ya vidonda vya tumbo. Sikipendi cheti hiki. Omeprazo inachelewesha ini kuivunja diazepamu, na ini la mzee nalo halina haraka. Hata kwa kijana, nusu ya dawa iliyomo kwenye kidonge kimoja inaweza kubaki mwilini hadi siku mbili. Kwa bibi zaidi. Kila kidonge kingepanda juu ya kile cha jana, na siku ya nne au ya tano angeamka usiku kwenda msalani akaanguka. Nyonga ya mzee ikivunjika, nyumba nzima inavunjika.

Daktari akapokea simu, akasikiliza, akabadilisha: miligramu 2, usiku tu, siku saba, kisha arudi.

"Vidogo hivi?" Bibi anavigeuza kiganjani. "Wanibania, mwanangu?"

"Sikubanii bibi. Cha leo utakuwa nacho bado keshokutwa."

Nikamgeukia mjukuu: taa ya korido iwake usiku, na mkeka unaoteleza uondolewe.

Saa 10 jioni

Huyu namngoja kila wiki mbili. Alikuwa kwenye miligramu 10 za diazepamu kwa miaka miwili, na daktari wake anamshusha polepole, miligramu moja kila baada ya wiki mbili. Leo yuko kwenye 4. Amekuja na uso mkavu: hajalala siku tatu, sauti ya sufuria inamchoma masikioni, vidole vinatetemeka. Anataka moja kati ya mawili, aache zote leo amalize, au arudi kwenye 10 apumzike.

Tukaingia ndani, nikafunga mlango. Nilimwambia kwamba si lazima iwe ugonjwa wake umerudi, ni mwili unalalamika kwa kitu ulichozoeshwa, na hatua za mwisho ndizo zinazouma zaidi kwa wengi. Daktari wake, kwenye simu, alisema abaki palepale kwenye 4 kwa wiki mbili nyingine. Hapandi, hashuki. Ila akianza kuona vitu visivyokuwepo, au akachanganyikiwa, au degedege, ni hospitali saa ileile. Alilia kidogo. Nikamhesabia vidonge 28 vya miligramu 2 mbele ya macho yake, viwili kila usiku. Huyu mama ana ujasiri ambao watu wa nje hawauoni, wanaona mtu anayenunua vidonge tu.

Saa 12:30

Baba mwenye mtoto begani anachukua dawa ya mkewe. Namwambia iwekwe juu, kwenye kisanduku cha kufuli. Mtoto akimeza, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa, akimbizwe hospitali pamoja na pakiti yenyewe. Na dada wa mkewe aliyefiwa juzi asigawiwe hata kimoja, kwa huruma yoyote ile. Anacheka kwa aibu, maana ndilo lililokuwa limepangwa.

Saa 3 usiku

Nahesabu tena vile vya miligramu 5. Ya mwalimu 14, ya mke wa yule baba 10. Zimebaki 160. Nimeandika, nimefunga kufuli zote mbili. Pembeni ya daftari nimeandika kwa penseli namba ya mwalimu. Kesho saa 2, kabla hajaingia darasani, nampigia kujua ameamkaje.