Baridi inayotoka chini ya mbao, na yale matundu usiyazibe

Wadau wa Dodoma mnaijua Juni na Julai ya huku, jua likizama tu upepo unaanza, na usiku inashuka mpaka nyuzi 13 au 14, maana tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Sasa mi nakaa nyumba ya zamani ambayo sakafu yake sio zege, ni mbao zimepigiliwa juu ya maboriti, maboriti yamekaa juu ya vinguzo vya matofali na chini kuna uwazi wa nusu mita hivi, mtu unaingia kwa kutambaa. Upepo wote unapita humo.

Mama alipokuja toka Mpwapwa na miguu yake inayouma akaniambia mwanangu, hii nyumba inapuliza kutoka chini. Na kweli, ukiweka kiganja kati ya ubao na ubao unausikia kabisa. Yeye amekulia kwenye tembe, kuta za udongo, paa la udongo, mchana linanyonya joto usiku linakurudishia, hajazoea sakafu ya kuvuja hewa.

Fundi wa kwanza akasema dawa ni kuziba yale matundu ya ukutani chini ya sakafu, tukaziba kwa saruji. Baridi ikapungua, nikafurahi sana. Mvua zikaja, na Dodoma mvua sio nyingi, kama milimita 570 kwa mwaka, ila karibu yote inamwagika Desemba mpaka Aprili, ardhi inalowa kwa mpigo na unyevu unapanda, hauna pa kutokea, mbao zinaunywa. Kufika Machi harufu ya uvundo, ubao wa karibu na bafu unabonyea, kuinua tunakuta boriti lina ukungu mweupe na bisibisi inazama. Boriti zima la mninga! Iliniuma jamani.

Yale matundu ndio mapafu ya sakafu. Kule Uingereza nyumba nyingi za kabla ya vita ya pili ya dunia zina sakafu za hivi na matundu hayohayo, na kanuni ni ileile, zuia baridi kwenye mbao, acha hewa ipite chini yake.

Kwahiyo tumevunja ile saruji tukaweka wavu wa kuzuia panya. Kati ya boriti na boriti tumejaza ile pamba ya kioo inayowasha (vaa barakoa, glavu na mikono mirefu, usibishe), tukaishikilia kwa wavu wa kuku uliopigwa stepla kwenye maboriti. Hapa ndio wengi wanakosea, pamba lazima iguse ubao wa juu kabisa, ikining'inia ukaacha nafasi basi upepo unapita juu ya pamba na hela yako imeenda. Lakini pia usiikandamize, inayozuia baridi ni hewa iliyotulia ndani yake. Na usifunge nailoni kwa chini, maji yatakwama kwenye mbao. Waya za umeme nazo usizizike humo, zinapata moto zikibeba mzigo, zetu fundi umeme kazishusha.

Kuna mtu alinishauri majani makavu au pumba kwa kuwa ni bure. Hapana kabisa, kwa mchwa wa huku hiyo ni kuwaandalia chakula. Hata yale maboksi ya stairofomu mchwa wanayatoboa wakapita ndani bila wewe kuona, ndio maana tumeacha vinguzo wazi pande zote, kila mwezi naingia na tochi kuangalia kama kuna njia ya udongo inapanda.

Mianya ya juu tumeziba kwa silikoni, na hiyo peke yake ilileta tofauti siku ileile. Mama sasa anakaa chini kwenye mkeka wake akimenya karanga mpaka saa tatu usiku. Imebaki upande wa jikoni, pamba ilipungua, nataka niumalize kabla ya Desemba.