Trebević si ile mliyoiacha

Nyinyi mliosoma Yugoslavia na baba yangu hamhitaji maelezo. Februari 1984 nilikuwa na miaka tisa, mama kanifunga skafu mbili, tumesimama mlimani Trebević, juu ya Sarajevo, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, tunangoja bobsledi, kigari cha kuteleza kwenye mfereji wa barafu. Unangoja weee, kisha ngurumo, rangi, basi, imepita. Baba, Mdigo wa Tanga, akanung'unika kwamba hata treni ya Moshi humpa mtu nafasi ya kupunga mkono. Dhahabu zote mbili zikaenda Ujerumani Mashariki, kwa dereva wao Hoppe na wenzake.

Juzi nimerudi. Kile kigari cha kwenye waya kimefufuliwa tangu 2018, na mkata tiketi aliponitazama usoni akanipigia bei ya mgeni. Nikamgombeza kwa Kibosnia cha mtaani kwetu. Akacheka sana, akanisifu, akachukua pesa ileile.

Njia ya bobsledi ipo. Mfereji wa zege kama mita 1,300, kona 13, umejaa michoro ya rangi mwanzo hadi mwisho. Vijana wanateremka humo na baiskeli. Nilifurahi, sikatai, nilitembea katikati yake kifua mbele, kama niliyeijenga mimi. Mkienda, vaeni viatu vinavyoshika, maana zege ikilowa ni sabuni. Wala msijitie kukata njia za mkato msituni. Mlima ule ulitegwa mabomu ya ardhini.

Halafu kona za chini nikayaona matundu. Ukuta umetobolewa. Nikadhani ni ya kutolea maji, nikamweleza hivyo mwanangu kwenye simu, kwa sauti ya mjuzi. Mzee aliyekuwa akipita na mbwa wake akanisahihisha taratibu: ya bunduki. Wakati wa vita, Waserbia wa Bosnia waliouzingira mji walijichimbia humu, mizinga ikiwa mlimani, na Sarajevo yote iko chini pale kama chakula kwenye sinia. Aprili 1992 hadi Februari 1996. Bibi yangu alikuwa kwenye sinia hilo, akipanga foleni ya maji na madumu yake. Mimi nilikuwa Tanga nakula embe.

Nilirudi kwenye matundu yale mara tatu. Nikapima kwa mkono: unaingia.

Mara ya tatu nilikuta kijana na mchumba wake. Binti kapitisha mkono upande wa pili, anapunga, wanacheka. Wakaniomba niwapige picha.

Nikawapiga mbili. Ya kwanza ilitoka na ukungu.