Ruta yangu mwenyewe, nafungiwa mlango!

Waifai ya nyumbani inajikokota tangu juzi, nikahisi kuna wageni ndani. Nikataka kuingia kwenye mipangilio ya ruta niwaone. Naandika kwenye kivinjari 192.168.1.1, kimya. 192.168.0.1, kimya vilevile.

Jamani, si kila ruta inatumia namba hizo tulizokariri. Fungua mipangilio ya waifai kwenye simu, gusa jina la mtandao uliounganishwa, tafuta anwani ya lango (gateway), yaani namba ya ruta yenyewe. Yangu ni 192.168.100.1! Na zima data kwanza, maana simu ikiona waifai haina intaneti inaweza kupitia kwenye bando, na huko ruta yako haipo.

Jina na nywila ya kuingilia mara nyingi vimebandikwa chini ya ruta. Ya waifai ni nyingine. Fundi alishauri nichomeke sindano kwenye kile kitundu cha kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Thubutu! Inafuta hadi mipangilio ya kampuni ya intaneti, halafu uanze kuwabembeleza kwa simu.

Ndani nimekuta simu nisizozijua zimejipanga foleni. Nywila zote mbili nimebadilisha. Leo asubuhi mtoto wa jirani: "Shikamoo anko, kwani mtandao wenu umekatika?"