Mgonjwa wa nyongo akilala, mimi naangalia pumzi

Wagonjwa wengi wa mawe kwenye mrija wa nyongo wanatufikia hapa Dodoma macho ya njano na mkojo kama chai ya rangi. Cha ajabu, wengi hawaogopi jiwe, wanaogopa nusukaputi. "Nitaamka kweli?" Kazi ya kuwalaza ni yangu, kwa hiyo jibu natoa mimi.

Kuna mzee mmoja aliletwa na bintiye kutoka Mpwapwa. Nilimwamkia, nikamuuliza kama amekula. "Sijala, mwanangu, ni uji tu wa alfajiri." Uji ni chakula. Kabla ya dawa ya usingizi, chakula kinataka muda wa saa 6 kutoka tumboni, maji matupu muda wa saa 2, la sivyo kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Tukamweka mwisho wa orodha.

Kisha nikamgeukia binti: baba anakoroma? Akacheka. "Hatulali! Halafu ananyamaza kabisa, mara anashtuka." Kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko vipimo vyote vya damu: ni dalili kwamba koo lake huziba akilala. Jiwe hutolewa kwa kamera inayopita mdomoni hadi utumbo mdogo, mgonjwa amelala kifudifudi, taa zimepunguzwa ili picha za eksirei zionekane. Koo likiziba hapo, kumgeuza ni kazi. Nikaamua kumwekea mpira wa kupumulia kabla hatujamlaza hivyo.

Wengine hawahitaji mpira. Hao nawapa propofoli, dawa ya usingizi, kidogo kidogo, kwa sababu haina dawa ya kuipindua. Pethidini, ya maumivu, hupinduliwa na naloksoni; midazolamu, ya kutuliza, hupinduliwa na flumazenili. Propofoli unaisubiri iishe yenyewe huku ukimsaidia mgonjwa kupumua. Namba ya oksijeni ya kidoleni siitegemei peke yake: mtu aliyewekewa oksijeni puani anaweza kuacha kupumua na namba ikabaki 98 kwa muda. Mashine ya kupima kabonidayoksaidi anayoitoa inawahi kusema. Isipokuwepo, naweka mkono kifuani. Na sishiki kazi nyingine. Nikiombwa nisaidie kupitisha waya nakataa, hata daktari akinuna.

Jiwe la mzee lilitoka, akaamka vizuri. Binti akataka wawahi basi la jioni. Nilimkatalia: dawa bado ilikuwa mwilini, na baada ya matibabu haya kongosho huweza kuvimba, tumbo likauma sana saa chache baadaye. Akalala wodini, na zamu ya usiku nikaiambia iulize habari za tumbo lake.